Kamba ya mu Kakule

Siku ya Mungu, 1 septembre

Culte ya kanisa ilikawia kutoka. Nilifika nyumba na mutoto mu mugongo, viatu mu mukono — na mu salon vita tayari! Sadrack bwana yangu, na Paulin jirani. Bugali haijapikwa, lakini Géomètre tayari anapanda mulima mu télé.

Géomètre ni ule mupimaji wa inchi mwenye kutembea na punda wake. Filme zake ziko sita. Huku kwetu batu balizipa majina sawa vile tunaita batoto wanaume kwa kufuata kuzaliwa: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa. Mutu akisema mu salon yangu "Kakule ananilizaka", hapana mutoto wa mutu. Ni filme ya ine.

Paulin anasema Paluku ndiye wa kwanza, na wa kwanza ni wa kwanza, tufunge maneno. Sadrack akamurukia: wewe unapima filme sawa unapima misumari! (Paulin anauzisha misumari.) Katembo? Mbio tu, akili hakuna. Mbusa? Pale mama yao alipashwa kupumuzika kuzaa! Nilicheka mpaka mutoto akapoteza titi. Akalia.

Yangu mimi ni Kambale. Pale punda ananasa mu matope na Géomètre anakaa naye mu mvua mpaka kunapambazuka. Hakuna mwenye aliniuliza.

Kisha Sadrack akaita yaya yake Gamaliel, ndugu yake mukubwa, ku Beni, simu kwa sauti kubwa, ili naye apange filme zake kwa kufuata uzuri. Tangu baba yao alikufa, Gamaliel ndiye baba. Alipanga polepole, sawa mutu anasoma matangazo ya kanisa. Kakule akaiweka ya mwisho.

Ya mwisho! Sadrack alisimama juu ya kiti. Kakule ndiyo yake ya kwanza. Mule, Géomètre na yaya yake bananing'inia ku kamba moja, ukuta ya barafu, kamba inalegea. Kisu kinaonekana. Kamba inakatwa, yaya anaenda chini.

Na bwana yangu, kwa kuchekesha Paulin: "Lakini yaya, ule mukubwa alikuwa muzito! Alifanya vizuri kumuacha!"

Gamaliel akajibu: "Sawa, mudogo yangu." Simu ikakufa.

Sadrack anasema ni réseau ya simu ilikatika. Mimi najua si réseau.


Siku ya pili, 3 septembre

Jino! Jino ya kwanza ya Providence wangu, chini, ndogo sawa punje ya muchele. Ndiyo sababu hatulale. Sadrack alitaka kumutumia yaya yake habari. Simu inalia, Gamaliel haipokee. Sadrack asema atakuwa mu shamba ya kakao. Akaita tena. Kakao.


Siku ya tano, 6 septembre

Bénite, bibi ya Gamaliel, aliniita mimi, hapana Sadrack. Sauti ya chini, sawa mutu mwenye kujificha nyuma ya jiko. Asema: Mama Providence, bwana yangu ametuma niseme tarehe 22 iko na kazi mingi. Sadrack atafute mutu mwingine wa kubeba mutoto.

Tarehe 22 ni présentation ya Providence mu kanisa. Kwa jamaa ya Sadrack, mama hapeleke mutoto kwa pasteur na mikono yake. Mukubwa wa jamaa anamupokea kwa mama, yeye ndiye anamupeleka mbele. Sadrack alibebwa na baba yake mukubwa. Batoto ya Gamaliel walibebwa na muzee ule ule, mbele afe. Sasa mukubwa ni Gamaliel. Akikataa, ni sawa kusema mbele ya kanisa yote: huyu mutoto hapana wetu.

Nilimuambia Sadrack. "Juu ya filme?" Akacheka. Kisha hakucheka tena.

Paulin akajitolea kubeba mutoto. Nilimuangalia. Akakunywa chai yake.

Nilisema: bila yaya yako, binti yangu haingie kanisa. Hata kama atapresentiwa na meno yote mu kinywa.


Siku ya Mungu, 8 septembre

Leo hapana filme. Paulin alikuja, akakaa, akaona télé imefunikwa kitambaa, akaenda.

Nilikuwa naosha batoto — nasema "batoto", ni mutoto na vyombo, kazi ni moja — Sadrack akakuja kusimama nyuma yangu. Nikamuuliza: kwa nini unapenda ile Kakule hivi? Mutu anamukata yaya yake, na wewe unaiweka juu!

Asema: hapana kwa sababu ya kamba. Kwa sababu ya kile kinakuja kisha. Kila jioni Géomètre anawasha moto na anaongea na yaya yake mwenye alianguka. Mu Katembo anaongea naye. Mu Mbusa, na mvi mu kichwa, bado anaongea naye. "Yaya, leo nilivuka muto. Yaya, punda anakusalimia." Asema Katembo na Mbusa zote mbili ni za upuzi, anaziangalia kwa sababu ya ile moto tu.

Alikuwa anapanguza sahani moja, anapanguza, anapanguza. Nikamunyanganya.

Mimi najua, hata kama hasemi. Wakati kule kwao Mabalako usalama ulianza kuharibika, baba yao alituma mutoto mumoja huku Butembo asome. Alituma mudogo. Mukubwa akabaki na baba na jembe. Sadrack ni mutu wa kuchekea kitu chenye kinamuuma. Tangu anioe ni hivyo. Alicheka hata siku ya mazishi ya baba yake, kisha akatapika nyuma ya nyumba.

Nikamuambia: sema hivi kwa yaya yako, sawa vile umeniambia mimi. Asema: mambo ya hivi hayasemwe ku simu. Basi enda. Asema: nikienda atazani nakuja kumuomba tu juu ya mutoto.

Wanaume! Mutoto wangu anaota meno haraka kuliko hawa.


Siku ya ine, 12 septembre — Beni

Nimekuja. Bashofere balisema barabara imetulia wiki hii, nikafunga mutoto mu mugongo, nikaambia Sadrack: naenda kuonyesha baba mukubwa jino. Hakunikataza. Alinibebea kifuko mpaka ku gari, na alisahau kunipa, nikamukimbilia.

Joto ya huku! Providence alivuliwa nguo yote, akabaki na shanga.

Gamaliel alikuwa anageuza kakao yenye kuanikwa ku bâche mbele ya nyumba. Aliniona, akaweka reki chini, akaosha mikono — akamupokea mutoto mbele hata ya kunisalimia. Providence akamuuma kidole. Alipiga kelele ya furaha: "Aïe! Mama Providence, umeniletea imbwa!" Bénite akacheka, mimi nikacheka. Mutu huyu ndiye iko na kazi mingi tarehe 22? Hapana.

Nilikula. Nilisaidia Bénite kuchambua maharagi. Ile maneno ilikuwa inazunguka katikati yetu sawa kuku, hakuna mwenye anaifukuza.

Mangaribi bado, mvua ikaanguka. Kakao ikaingizwa mbio. Sisi wote mu nyumba, mutoto ku goti ya Gamaliel. Nikasema kwa shemeji yangu: beau-frère, uko na Kakule huku?

Akauliza: "Ile ya mwisho?"

"Ile ya mwisho."

Akaiweka.

Hapa naandika vizuri, nisisahau hata kimoja.

Hizi filme hatusikie lugha yao. Sisi tunasikiaka sauti ya mutafsiri, mwenye anaongea juu yao kwa Kiswahili. Butembo iko na wake. Beni iko na wake! Sauti nene, mutu wa kuchekesha sana. Sikuwa nimewaza hivyo hata siku moja. Nilizani filme ni filme.

Ku kamba, mutafsiri wa Butembo anamulizisha yaya: usiniache! Huyu wa Beni anamusemesha: "Kata, mudogo yangu. Mumoja wetu afike." Gamaliel aliinama mbele. Mutoto alikuwa amelala, yeye akamuwekea mukono ku sikio, sawa vile asisikie.

Kisha moto. Nilingojea. Géomètre anakaa, anaangalia moto, midomo inatikisika. Na mutafsiri wa Beni — anasema maneno ya punda! Punda, umekula chapati yangu! Punda, kesho utanibeba wewe! Bénite anacheka. Gamaliel hapana.

Asema, bila kuniangalia: "Unaona? Kamba si kitu. Yaya mwenyewe alisema kata. Mimi pia ningesema. Lakini kisha — Katembo yote, Mbusa yote — hata jina ya yaya hataji. Anakula, anachekesha punda. Na mudogo yangu anaita hiyo filme ya kwanza."

Nilitaka kusema palepale: beau-frère, kwetu anaongea na yaya yake! Kila moto!

Nikafunga kinywa. Kwa sababu hapana mimi mwenye alipashwa kumuambia.


Siku ya tano, 13 septembre

Nimerudi. Mugongo imekwisha.

Asubui, mbele ya kupanda gari, nilitoa ile châle nyeupe ya kufunika mutoto siku ya présentation, yenye mama yangu alishona. Nikaikunja vizuri, nikaiweka ku kitanda ya Bénite. Gamaliel alikuwa ku mulango. Asema: Mama Providence, unasahau kitu.

Nikasema: sisahau. Mutoto hana ingine. Utaileta wewe.

"Nitamupa shofere."

"Shofere hapana baba yake mukubwa."

Alikuna kichwa. Akasema nimekuwa mukali. Nikasema ni jino, mutoto wangu na mimi tunaota pamoja. Akanibebea kifuko mpaka ku gari — na akasahau kunipa! Ndugu ni ndugu.

Sadrack aliniuliza: alisema nini? Nikamujibu: mutoto alimuuma, alifurahi. Na châle? Iko Beni. "Iko Beni?!" Iko Beni.


Siku ya pili, 17 septembre

Hakuna habari. Jino ya pili inasukuma.

Mama yangu alipita kuuliza kama châle imenyooshwa na pasi. Nikasema iko mu mikono mizuri. Mungu anisamehe kama si kweli.


Siku ya tano, 20 septembre

Pasteur alituma mutu kuuliza: nani atabeba mutoto? Sadrack aliniangalia. Nilisema: andika Gamaliel. Mutu wa pasteur akaandika. Alipotoka, Sadrack asema: na kama hakuji? Nikasema: basi tutasimama pale mbele, watatu, bila châle na bila mubebaji, na wewe utaelezea kanisa filme.

Hakucheka. Alimubeba mutoto, akatembea naye mu parcelle, kando ya nyumba, anamuimbia. Nilimusikia anamuambia mutoto maneno ya chini. Sikukaribia.


Siku ya posho, 21 septembre

Naandika hapa mu pembe, nyuma ya mulango ya jiko, juu nikiacha kuandika nitaingilia maneno yao.

Alikuja! Karibu saa nane, ku pikipiki, vumbi mpaka mu nyusi. Châle mu sachet ya plastiki, sachet ndani ya sachet ingine, ndani ya koti. Asema: chukua, mukali. Nikamupa mutoto. Mutoto akamuangalia kinywa wazi, meno mawili.

Yeye na Sadrack walipeana mukono sawa batu ba ofisi. Barabara? Nzuri. Kakao? Nzuri. Bénite? Nzuri. Paulin, mwenye anasikia harufu ya filme hata mu usingizi, akatokea. Kwa mara ya kwanza nilifurahi kumuona.

Asema: tuangalie Paluku, ndiye wa kwanza!

"Kakule," Gamaliel akasema.

Sadrack alishituka. Akatafuta flash yake yenye filme. Gamaliel akatoa ya kwake, ya Beni. Kila mutu na flash mu mukono, anasifu mutafsiri wa muji wake. Hii ndiyo ya kweli — hapana, hii — mutafsiri wenu anaongeza — wenu anapunguza! Paulin alikuwa katikati anageuza kichwa. Nilitoka mu jiko na mwiko, nikasema: wekeni yoyote, lakini mufunge sauti. Leo hakuna mutafsiri mu nyumba yangu.

Sadrack akafunga sauti.

Basi banaangalia kimya. Ajabu, filme bila sauti! Unaona batu tu. Barafu. Kamba. Sura mbili. Na kisu — nimeona leo, na macho yangu — mikono mbili iko ku kisu kimoja. Ya Géomètre juu, ya yaya yake chini. Hatukuwa tumeona, sisi wote, na hii miaka yote. Sauti ilikuwa inatufunika macho. Paulin alisema "Eh!"

Sasa moto. Géomètre anakaa. Midomo inatikisika.

Gamaliel iko na Providence ku bega, anamupigapiga mugongo. Anauliza, macho ku télé:

"Hapa. Kwenu, hapa anasemaka nini?"

Paulin alifungua kinywa. Nimemufinya.

Sadrack anaangalia moto. Naona anatafuta kichekesho — naijua ile sura, mudomo inaenda upande. Haipatikane. Anapanguza mikono ku suruali. Mutoto anamuangalia kutoka bega ya Gamaliel.

"Anasema," asema. "Anasema, yaya —"