Mama, Usinitumie Tena Ile Supu

Kianjai, Jumapili

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Kianjokoma. Miguu imepunguza kuuma? Majani chai mliwahi kuchuma kabla ya mvua? Mimi nipo, ingawa ukiniona utadhani nimepakwa bizari usoni. Naandika kwa sababu kwenye simu nikianza tu kueleza, unaanza kuniombea, nami nakosa pa kuingilia. Dada yangu Wawira akusomee, na asiruke mstari.

Nimechukizwa, Mama. Kifua kikuu kilinipata hapa kwenye chumba chetu cha kushonea sare za shule, ambacho dirisha lake halijawahi kufunguka. Nikaanza dawa, mkojo ukageuka rangi ya chungwa, nikavumilia. Mwenye nyumba akaniletea chai mlangoni, leso puani. "Sio ubaya, Wanja," akasema, "lakini hiyo kikombe baki nayo." Kliniki imeshasema siambukizi tena, na kikombe chake bado ninacho. Tena kina ufa.

Halafu ikaja supu yako, mtungi mzima, kichwa cha mbuzi na mizizi aliyochimba shangazi, nyeusi kama oili chafu ya gari. Ulitulea tukijua kichungu ndicho kinachoponya, kwa hiyo nilikunywa kila asubuhi juu ya vidonge. Macho yakawa ya manjano. Nikatapika hadi nikachukia hata mbuzi anayepita njiani.

Daktari wa Meru akaniangalia macho. "Kando na dawa zetu, unakunywa nini?"

"Supu tu ya mama."

"Iko na mizizi?"

"Kidogo."

"Kidogo gani na macho iko hivi? Mwaga hiyo kitu leo!"

Wakapima damu. Nina kirusi cha homa ya ini, Mama, ile wanaita B. Ini lilikuwa tayari na mgeni, likaongezewa dawa za kifua, kisha supu. Walisimamisha dawa za kifua, sasa wananirudishia moja moja. Manjano yanapungua.

Sasa sikiliza na usilie. Nilimuuliza daktari nimekitoa wapi, nikidhani ni vikombe vya watu. Akasema vikombe havikileti. Wengi hukipata wanapozaliwa, kutoka kwa mama ambaye hata hajui anacho. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwangu. Sikulaumu, maana hakuna aliyekupima. Kinachonitia kinyaa ni kuwazia kitu hicho kimekaa kwetu miaka yote bila kubisha hodi, na nyinyi mnapanga Wawira ajifungulie jikoni kwako eti kliniki ina foleni. Foleni! Mficha maradhi kifo humuumbua. Nendeni mkapimwe wote wawili wiki hii. Wawira akiwa nacho, mtoto achanjwe mara tu anapozaliwa, hospitalini, si jikoni.

Nisalimie Baba, na shemeji mume wa Wawira, mwambie aandae pikipiki. Shangazi mchimba mizizi mshukuru, kisha mwambie apumzishe jembe. Supu iliyobaki niliimwaga nyuma ya choo, na hata nzi hawakuisogelea.

Wawira, ukishafika hapa, inatosha. Kunja barua, mshike Mama mkono, mwende kliniki.

Mimi binti yako,
Wanja