Kuku Jike Aliyewika

Masaka, Jumanne, kiangazi

Mpaka sasa sielewi. Malaika ni kuku jike, jana tu ametaga, lakini leo asubuhi alipanda juu ya ndoo akawika kama jogoo. Nilimwona kwa macho yangu.

Jirani yetu Mama Diane alikuja mbio hadi uani, akamwambia Mama: "Kuku jike hawiki jogoo akiwepo! Huo ni mkosi. Mchinjeni leo, na mume wako yuko njiani na lori!"

Mama akanigeukia, kisu mkononi. "Nani amewika?"

Mimi, ambaye darasani sikuwahi kunyoosha mkono hata nilipojua jibu, nikasema kwa sauti, "Ni jogoo, Mama."

Mama Diane akacheka. "Heh! Kumbe huyu naye ana mdomo!" Akaenda zake.

Nimemdanganya Mama. Na kama mkosi ni wa kweli? Nimempigia Baba simu mara tatu. Amefika mpakani Rusumo salama, ananiuliza nina nini.

Halafu tulipokuwa tunakula, Mama akasema bila kuniangalia, "Kesho alfajiri mfunike Malaika kwa tenga, asisikike."

Kwa hiyo alijua. Sasa kwa nini aliniuliza?