Ruhusa ya Papa Ilunga

Jumatano jioni, Katuba.

Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua bado haijanyesha. Nimejaribu kula bukari, yaani ugali, na samaki wa Kasenga ambaye mama mkwe ametuletea, nikameza matonge mawili matatu na kusukuma sahani. Watoto wameniuliza kama ninaumwa. Nimesema ndiyo, kwa sababu hilo ndilo jibu fupi.

Siumwi. Ninaogopa.

Kwa wanaofika kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi ni mkuu wa zamu katika kiwanda cha kujaza vinywaji kwenye chupa. Wananiita shefu. Kazi yangu ni kuhakikisha kila mashine ina mtu, na mtu akitoka, awepo mwingine wa kushika nafasi yake. Papa Ilunga ndiye anayeendesha mashine ya kuosha chupa. Ndiye pia délégué wetu, yaani wafanyakazi walimchagua awasemee mbele ya wakubwa. Sheria inampa délégué saa kadhaa kila mwezi za kufanya kazi hiyo, katikati ya saa za kazi, bila kukatwa mshahara. Anachohitaji ni karatasi ya ruhusa yenye sahihi yangu, ili nami nijipange.

Sitadanganya, ruhusa zake huniudhi. Papa Ilunga ana sauti ya upole na kipaji cha kuondoka siku ile ile ambayo kila kitu kimeharibika. Mara ngapi nimemwona akivuka uwanja na shati lake safi, nikabaki nalalamika peke yangu huku chupa zimerundikana.

Juma lililopita direkta alinisimamisha kwenye mlango wa stoo. Hakunipa karatasi yoyote. Aliongea kwa sauti ya chini, karibu na sikio.

“Madame Solange, huyu délégué asitoke tena mu saa ya kazi. Akitoka, weye uandike abandon de poste.”

Abandon de poste ni kuacha kazi bila ruhusa. Ukiandikiwa hivyo kwetu, unafukuzwa. Niliitikia “Ndiyo, Monsieur” kabla hata sijafikiri.

Tangu siku ile nilikuwa naomba Mungu lisitokee jambo. Kila Papa Ilunga alipokuja upande wangu, nilijifanya nahesabu chupa. Kumbe anataka tu kunisalimia, au kuniuliza habari za mume wangu anayefanya kazi Kambove.

Leo asubuhi likatokea.

Chantal alikuwa akipanga chupa chafu mwanzoni mwa mashine, na mimba yake sasa inaonekana hata kwa mbali. Hivi karibuni wakubwa walimhamishia upande wa soude, ile dawa kali tunayochanganya na maji ya moto ili chupa zitakate. Aliomba arudishwe pale alipokuwa. Mimi mwenyewe nilipeleka ombi lake juu, likarudi na jibu la hapana. Jana soude ilimrukia mkononi.

Mashine zilikuwa hazijawashwa bado. Papa Ilunga alikuja na Chantal nyuma yake.

“Shefu, leo asubui niko napeleka Chantal ku inspection ya kazi. Banatungojea. Unipe permission.”

Inspection ni ofisi ya serikali inayokagua mazingira ya kazi.

“Haiwezi kungoja mangaribi, Papa?”

“Mangaribi hatutakuta muntu. Angalia mukono yake.”

Niliuangalia. Kitambaa alichoufungia kilikuwa kimelowa katikati. Chantal hakuinua macho. Alisema tu, polepole, “Mama, niko naogopa juu ya mutoto.”

Hapo ndipo nilipouona mtego wote. Nikikataa, Papa Ilunga atakwenda hivyo hivyo. Namjua. Na akienda bila sahihi yangu, direkta amepata alichokuwa anakitafuta, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemwandikia. Nikikubali, nimevunja amri ambayo hakuna mtu atakayekiri kwamba aliitoa.

Niliwaambia wanisubiri, nikaenda chooni kumpigia simu mume wangu.

“Solange, usijitie mu hii mambo,” alisema. “Kazi ingine tutaipata wapi? Useme tu hapana.”

Sikumkasirikia. Sauti yake ilikuwa na woga ule ule wa kwangu, tofauti ni kwamba yeye hakuwa ameuona ule mkono.

Nilirudi nikatia sahihi.

Natamani niandike kwamba nilikuwa shujaa. Sikuwa. Nilishindwa tu kutamka hapana mbele ya Chantal.

Walipotoka, ikabaki mashine bila mtu. Wawili wa zamu yangu ni wagonjwa, na siwezi kumweka kwenye soude mtu asiyeijua. Niliwahi kuiendesha mimi mwenyewe kabla ya kupewa zamu. Basi nikavaa glavu ndefu, aproni na miwani, nikaiwasha.

Nilikuwa nimesahau jinsi inavyotisha. Mvuke unakupiga usoni, mngurumo unaingia mpaka kwenye meno, na mara kwa mara chupa yenye ufa inapasuka ndani kama risasi. Kila ilipopasuka niliruka. Niliwaza: wakati mimi niko hapa, nani anaangalia sehemu nyingine? Mtu akiumia upande wa pili, itakuwaje? Watasema shefu alikuwa wapi?

Nilipogeuka, direkta alikuwa amesimama pembeni. Sijui alikuwepo tangu lini.

“Ilunga iko wapi?”

“Iko ku inspection, Monsieur.”

“Nani alimuruhusu?”

Nikarudisha macho kwenye chupa. Aliona, maana akanisogelea na kulainisha sauti.

“Ao alitoka yeye peke yake?”

Alikuwa ananifungulia mlango. Neno moja tu lingetosha, nami leo ningekula chakula changu chote. Ruhusa yenyewe ilikuwa mfukoni mwangu chini ya aproni, ningeweza kuichana na kuitupa kwenye maji ya soude. Nakiri niliifikiria.

“Hapana,” nikasema. “Miye njo nilimuruhusu.”

Akageuka, akaondoka. Heri angepiga kelele.

Mchana Papa Ilunga alirudi peke yake. Mkaguzi amempeleka Chantal kwa daktari, na ameandikia kiwanda kwamba asirudishwe tena upande wa soude. Nilifurahi, kweli nilifurahi, lakini furaha ilipita kama mtu mwenye haraka. Katibu wa direkta alikuwa ameshaniletea demande d’explication, barua ya kunitaka nijieleze kwa nini nilimwacha mfanyakazi atoke. Kesho asubuhi nipite ofisini kwanza, kabla ya kuvaa nguo za kazi.

Kabla ya kuvaa nguo za kazi. Maneno hayo nimeyasoma mpaka yamepoteza maana.

Papa Ilunga aliniona nimesimama nayo.

“Shefu, kesho tutaingia wote babili.”

“Papa, weye uko délégué ya bafanyakazi.”

“Na weye uko nani?”

Muda wote huu nilidhani délégué ni wa wengine, na kwamba mimi, kwa kuwa ninatia sahihi, nimesimama mahali ambapo mambo haya hayatanifikia. Alinivua glavu moja, nikavua ya pili mwenyewe, akarudi kwenye mashine yake kama vile hakuna kilichotokea. Sasa ninapoandika, ninakosea herufi na kurudia.

Mume wangu amepiga tena. Nimemweleza yote. Akaniuliza nitavaa nini kesho. Nadhani hiyo ndiyo namna yake ya kuwa upande wangu.

Lakini ili Papa Ilunga aingie pamoja nami, lazima aache mashine ndani ya saa za kazi. Kwa hiyo anahitaji ruhusa. Na anayetoa ruhusa ni mimi. Nani atashika mashine sisi wawili tukiwa ndani? Bado sijui. Nitaamka mapema nimtafute mtu.

Karatasi nimeshaiandika hapa mezani, kati ya madaftari ya watoto. Jina: Ilunga. Sababu: kumsindikiza mfanyakazi mbele ya direkta. Sahihi imepinda, lakini inasomeka kwamba ni yangu.