Kunde Zilizopuliziwa na Mboga ya Mama Mkwe

Mama Candia, nakuandikia kutoka Ludara, nisikilize hadi mwisho kabla hujanihukumu. Kunde zangu zilikuwa zinakufa kwa kutu, ule ugonjwa wa kuvu, majani yamejaa madoa ya kahawia, na mume wangu Duku yuko kambini na jeshi, basi nikaenda Koboko kwa Faruk muuza dawa za mimea, akaniambia hii haichomi chochote, inafunga tu kimeng'enya ambacho kuvu hutumia kujenga ngozi yake, na binadamu si kuvu, nikapulizia, kunde zikapona na sitaki kuacha, lakini huku kwetu majani ya kunde huchumwa na yeyote anayetafuta mboga, na mama mkwe hupita shambani kila jioni na kikapu, nikajaribu kumzuia akaniambia, "Majani hapana ya mutu moja, Zam," nikanyamaza, maana nikitamka sumu kijiji kizima kitaniita mtu wa sumu, basi anapika na karanga, watoto wanakula, na mimi nasema tumbo linaniuma.
Zam, Ludara

Zam mwanangu, pole kwa kutu na hongera kwa kuishinda. Lakini tumbo lako haliumi. Unajua unachokikwepa kwenye ile sahani, na bado unawaacha watoto waile. Hilo limeniudhi sana.

Faruk alikuambia nusu. Vimeng'enya si vya kuvu peke yake. Mwili wako unavyo tele, na kimoja ni ndugu wa hicho kinachofungwa. Ndiyo maana lebo ina siku za kungoja kabla ya kuvuna, na kama haisemi majani yanalika, hayaliwi. Tena usipulizie dawa ileile kila msimu, kuvu huizoea.

Kupulizia sikukatazi. Panda kunde nyingine karibu na jiko, zisiguswe na dawa, ziwe za mboga. Kule shambani funga vitambaa vyekundu na uwaambie majirani wote, mchana kweupe. Anayetangaza haitwi mtu wa sumu. Anayeitwa hivyo ni yule aliyenyamaza, siku mtoto akiugua. Mpigie Duku simu akuunge mkono.

Kwa mama mkwe usimtume mtu. Piga goti useme, "Mama, majani hii iko na dawa. Mimi nilinyamaza, unisamehe." Atakuita mchoyo, tena mbele za watu. Mwache akuite, mradi ni mzima. Nenda leo kabla hajateleka, na kama ameshateleka, mwaga.