Farasi Asiyefungwa Kamba

Kwa Mama Mdogo Mosi,
Kinole, Morogoro.
14 Machi, 1996

Mpendwa mdogo wangu Halidi,

Shikamoo yako najua imo njiani, basi naitangulizia marahaba. U mzima? Baridi ya Mbeya inawaonaje? Kifua cha mkeo Maimuna kimepoa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Roho ndiyo haijatulia, na ukisoma utajua kwa nini. Kwanza tazama anwani hapo juu. Ndiyo, niko Kinole. Usiruke, soma.

Kikao cha kugawa shamba la migomba la marehemu mama kilikuwa Ijumaa iliyopita. Sharti la wazee wetu unalijua: fungu la mwanamke hupewa aliyekuja mwenyewe, akaonekana, akashika jembe. Anayetuma salamu hupata salamu. Vikao viwili vya nyuma nilivikosa kwa sababu shemeji yako Rehani alisema, "Huendi," nami nikarudisha kanga zangu sandukuni. Hata arobaini ya mama sikuiona. Kwao Tabora shamba ni la baba, hajapata kuelewa mwanamke anafuata nini milimani. Safari hii Mama Mdogo alinitumia neno kwamba nisipofika, fungu la tumbo letu linakwenda kwa mabinti wa mama mkubwa, na halirudi.

Sasa habari ya farasi. Najua utasema dada kapata homa.

Tangu kiwanda alichofanyia kazi kiuzwe na wafanyakazi wapunguzwe, Rehani alikuwa mtu wa kukaa kibarazani na kuamrisha kuku. Halafu likauzwa na lile shamba la mkonge nje kidogo ya Msamvu. Mzungu aliyelinunua kaja na farasi jike, mwekundu, mkali kama pilipili. Alimng'ata bega mlinzi, Ernest, na kukata kamba mbili. Rehani ujanani alikuwa mtunza farasi wa Mgiriki mmoja, basi wakamwita. Mzungu alitaka wasubiri uzio wa kumfundishia, nguzo zikawa haziji. Rehani akamwambia hahitaji uzio wala kamba, atamfundisha hapo hapo uwanjani, mnyama akiwa huru.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mtu ambaye nikichelewa bombani ananiuliza nilikuwa na nani, leo amwachie farasi kiwanja kisicho na mwisho! Nikasema huyo farasi watamkamata Kilosa.

Jumanne ya wiki jana nikampelekea chakula. Nilisimama penye nyaya za kuanikia katani, hawakuniona. Wallahi Halidi, nilichokiona kidogo kiniangushie sufuria. Rehani, Rehani huyu mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, alikuwa kimya. Alipiga hatua moja kuelekea nyuma ya farasi, farasi akaondoka kwa mwendo wa mduara kumzunguka. Akarudi hatua moja, akalegeza mabega, farasi akageuka kumtazama, kisha akamjia. Hakumkamata. Alimkuna shingo kidogo tu, akaacha, akaenda zake. Na farasi akamfuata, kichwa begani kwake! Akigeuka, naye anageuka. Akisimama, naye anasimama. Hana kamba, hana hatamu, hana chochote.

Mara treni ikapiga honi. Farasi akashtuka, akatimka kuelekea kwenye mikonge. Nikasema sasa ndiyo tutamsikia Rehani. Yeye akageuka tu, akampa mgongo, akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu watoto wetu wakiwa wachanga, "Nenda, mama. Ukitaka kwenda, nenda."

Ernest alitaka kumkimbilia. Rehani akamzuia, "Mwache bwana. Ukimfukuza, umemfundisha kukimbia."

Tulingoja, nadhani maharage yangeiva. Kisha yule mnyama akatokea polepole, akaja, akamwekea mdomo mgongoni.

Miaka thelathini na moja, Halidi! Miaka thelathini na moja sijaambiwa "ukitaka". Kumbe neno analo! Nililia kwa hasira pale pale. Nikaweka chakula chini, nikaondoka bila kumsalimu.

Jioni nilifunga mzigo mbele ya macho yake. Nikamwambia kesho nakwenda Kinole. Nilikuwa nimejiandaa, nina majibu ya kila neno lake tangu mwaka tuliooana. Alinitazama sana. Akainuka kwenye kigoda chake mlangoni, akakisogeza kando. "Gari la ndizi linaondoka saa kumi na mbili," akasema. "Uwahi."

Basi. Hakuna la zaidi.

Nikakaa kitandani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, sikujiandaa kwa mlango wazi. Nilimtafuta anayenikataza, sikumwona. Nikuambie kweli, nilibakiza kidogo tu nisije kabisa. Lakini alfajiri nilipanda.

Ijumaa nilishika jembe mbele ya ukoo. Tumepewa kutoka kijito mpaka kwenye midalasini, na binti yangu atarithi. Wewe mjomba wake ukija likizo utaonyeshwa mipaka.

Leo ni siku ya tisa. Rehani hajaleta mtu wala barua. Mama Mdogo ananiuliza kila asubuhi nitarudi lini, namjibu kesho. Sidanganyi, sijui. Maisha yangu yote mtu mwingine alijua kwa niaba yangu. Sasa anayeniuliza nataka nini ni mimi mwenyewe, na ninashangaa kwamba sina jibu. Najua watu watakuandikia, wewe ndiye mwanamume wa tumbo letu, wakitaka uniamuru. Nakuomba usiniandikie nirudi, wala usiniandikie nisirudi. Barua ya namna hiyo nitaichana.

Msalimie sana Maimuna, na Salum mwambie shangazi anamwekea ndizi chane moja. Mama Mdogo Mosi anakusalimu na anauliza kama bado unaogopa ruba. Mungu akulindeni, awape riziki ya halali na usingizi mzuri.

Pokea pia salamu za shemeji yako. Hajanituma. Nimeshtukia tu nimekwisha kuziandika.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, nikupendaye,
Mwajuma