Vyura Arobaini Juu ya Kilima Kikavu

Aprili 27

Kwako Dada Corinne,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini hujambo na kikohozi kimekuacha. Sisi tu wazima. Mama anagombana na tope la mlangoni, na theluji imebaki nyuma ya ghala tu.

Baada ya kumaliza shule nilijifungia ndani majira yote ya baridi, lakini sasa nimejiunga na wale wanaojitolea kutafuta vidimbwi vya msituni, vile vinavyojaa theluji ikiyeyuka na kukauka kiangazi. Tunahesabu mayai ya vyura na ya salamanda, wale wanaofanana na mijusi, na Mzee Pelkey anaandika kwenye daftari. Amelishika miaka ishirini na sita, na hujigamba kwamba masikio yake humtambua chura kabla hajafungua kinywa.

Jumanne ya wiki juzi alisikia kundi kubwa likilia upande wa pili wa kilima cha kiwanda cha mbao. Unajua vyura wetu wanavyolia, kama bata wanaogombania mkate. Akaandika: kidimbwi kipya, madume wasiopungua arobaini. Tukatafuta siku tatu, watu kumi na wawili. Hatukupata hata maji ya kunawa. Bwana Lemieux, aliyepoteza buti njiani, alimwambia Mzee kwamba siku hizi anasikia tumbo lake mwenyewe. Bibi Gagnon akasema labda daftari lipewe mtu mwingine; ikakubaliwa waamue Jumamosi, kwenye chakula cha maharage katika ukumbi wa kanisa. Mzee alilifunga daftari ndani ya koti kama mtoto mchanga.

Dada, vyura wale walikuwa mimi.

Bibi Gagnon alinifundisha kwamba ukikaribia kidimbwi vyura hunyamaza, ila ukiwaigiza watakujibu. Niliona haya kuwaigiza mbele ya watu, nikapanda kilimani peke yangu kufanya mazoezi. Wanijua, hata padre akinisalimu namjibu kwa kichwa. Lakini kule juu nilijiachia nusu saa nzima, na niliona raha.

Jumamosi nilisimama mbele ya wote. Maneno ya kuomba radhi niliyoyakariri yakagoma kutoka. Vijiko vikatulia. Bwana Lemieux akasema, "Binti, kama unatafuta chumvi, iko huku."

Nikafumba macho, nikalia kama chura.

Mzee Pelkey aliruka kitini. "Ndio hao! Si niliwaambia? Ndio hao!"

"Mzee, huyo ni mmoja," akasema Bwana Lemieux.

"Mapafu ni ya arobaini!"

Wakacheka mpaka maharage yakapoa. Daftari limebaki kwake. Ameukata ule mstari, na pembeni ameandika: *Delphine. Mmoja. Mwenye afya njema.*

Baba na Mama wanakusalimu sana. Utuandikie ukipata nafasi.

Mdogo wako akupendaye,
Delphine