Mizizi ya Mwasumini wa Mama

Baba,

Mungu akupe huko utulivu ambao mimi huku sina. Hujatimiza mwaka tangu ufariki na kutuachia nyumba hii ya Qurayyat, na mwezi uliopita kimbunga kilitufika. Mawimbi yalipanda jabali lote. Yametuachia mawe uani, moja kubwa kuliko gari yako, na chaza bado wameling'ang'ania. Jiwe lile limetoka baharini, Baba!

Wewe ulikuwa ukinionyesha makombe yaliyoganda jabalini, huku juu kabisa, ukisema, "Unaona? Ardhi imeinuka, bahari ishaondoka zake." Ukalifananisha jabali hili na mawe yetu magumu ya Unguja, ukajenga ukingoni bila wasiwasi. Kila Ijumaa baada ya sala tulipima hatua kutoka barazani mpaka ukingo. Ishirini na mbili. Nami nikikucheka, nikikwambia jabali halina miguu.

Baada ya kimbunga nikapima tena. Ishirini na moja, imepungua hatua moja tu. Mama akafurahi, akasema, "Si unaona? Babako hakukosea."

Lakini wiki hii maji yalipokupwa nikashuka chini. Chini ya nyumba yetu pako wazi. Mawimbi yamechimba, yamechimba, na kokoto zilizobaki zinang'oka hata kwa kidole. Nikainua macho, nikaona mizizi inaning'inia juu ya kichwa changu. Ni ya mwasumini wa Mama, ule uliompandia chini ya dirisha lake. Baba, sisi tulikuwa tukipima juu, na bahari ikila chini.

Uliniapisha nisimtoe Mama nyumba hii maadamu yu hai. Nimekaa na kiapo hicho siku tatu. Kila wimbi likipiga, sakafu inanguruma, nami nakimbilia chumbani kwake kutazama kama bado yupo. Naogopa, Baba. Leo asubuhi nimemshika mkono, nikamteremsha taratibu kwa ile njia ya wavuvi, akaiona mizizi mwenyewe. Tuliporudi juu akaanza kukunja kanga zake.

Gari iko mlangoni, tunakwenda kwangu mjini Hamriya, mbali na maji. Mama anafunga mlango kwa ufunguo, kama mtu anayetoka mara moja tu.

Kwaheri, babaangu. Kiapo chako nimekivunja, unisamehe. Nakuapia kingine, na hiki sitakivunja: Mama hatalala tena juu ya bahari.

Mwanao,
Salma